Nani Anamtuma Mwanasosholojia Uluguru?

Mwaka 1960 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Land and Politics among the Luguru of Tanganyika. Waandishi walikuwa wawili: Roland Young, msomi wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyewahi kuwa mwanasosholojia wa Serikali ya Tanganyika. Kitabu kinaeleza kwa utulivu mivutano ya ardhi na utawala iliyowafanya watu wa milima ya Uluguru, Morogoro, wakatae kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Tabu ni tarehe. Watu walikataa mwaka 1955. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, mradi wa matuta ukafungwa. Maelezo yakaja miaka mitano baada ya maziko.

Naanzia hapo kwa sababu swali linaloulizwa Mazimbu, Morogoro, leo linaanzia hapohapo: sosholojia ikitoka chuoni ikaenda kazini, inafanya kazi ya nani? Na Mazimbu ina haki ya kuuliza kuliko sehemu nyingi. Palikuwa shamba la mkonge lililochakaa. Serikali ikawapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, nao wakajenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Katika ratiba ya shule hiyo, kando ya hisabati na sayansi, lilikuwamo somo la maendeleo ya jamii za binadamu. Wanafunzi wake hawakulisoma ili wawe wahadhiri. Walilisoma kwa sababu walikuwa na utawala wa makaburu wa kuuondoa. Mwaka 1992 majengo yalirudishwa kwa Tanzania, na sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA.

Sauti tano zinazofuata nimezitunga. Ukiona mmoja wao anafanana na mtu unayemfahamu, ujue Morogoro watu wa namna hiyo si haba. Wamekaa kwenye kibanda cha chai nje ya geti la kampasi: mhadhiri, mshauri elekezi wa miradi, afisa maendeleo ya jamii mstaafu, mzee aliyeteremka kutoka Kibungo, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeanzisha maneno.

MWANAFUNZI: Shikamooni. Mwalimu, nimebakiza muhula mmoja. Nyumbani wananiuliza nitakuwa nani. Nikisema mwanasosholojia, mjomba anauliza nimepangiwa hospitali gani.

MHADHIRI: Marahaba. Mwambie mjomba ukweli. Kwa miaka michache ya mwanzo utakuwa mdadisi wa miradi ya wengine. Utapewa kishkwambi, fulana yenye nembo na posho ya siku. Utauliza maswali usiyoyatunga, utapeleka majibu usiyoyaona tena.

MWANAFUNZI: Hiyo nimeshaifanya likizo iliyopita. Kuna mama nilimuuliza mara ya mwisho kaya yake ilikula nyama lini, akanijibu, "Mwenzako aliniuliza mwaka jana. Kwani hakuandika?"

MHADHIRI: Umeona? Sisi wa ndani tuna madhambi yetu, lakini nikiandika ovyo yupo mwenzangu Makerere au Nairobi atakayeirudisha makala yangu na maswali ya aibu. Huko nje anayekulipa ndiye anayekusahihisha. Sosholojia ya hivyo hugeuka huduma kwa mteja, kama kufua nguo.

MSHAURI: Samahani, Mwalimu, mimi ni dobi basi. Lakini tuulizane: hiyo makala yako husomwa na nani? Wachache, na nusu ni wanafunzi uliowalazimisha. Mimi nikiandika sura ya jamii kwenye tathmini ya athari, nikaonyesha kwamba barabara inapita kwenye makaburi ya ukoo na kisima pekee cha kitongoji, mchoro unarudi kwa mhandisi. Si kila mara, sikatai. Lakini unarudi. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mradi mkubwa haupati cheti bila tathmini hiyo. Zamani mhandisi alihesabu udongo wa tuta la bwawa mpaka kilo ya mwisho, halafu watu wanaohamishwa akawaweka kwenye mstari mmoja na vichaka vya kufyekwa.

MHADHIRI: Na nani aliyeibadilisha hali hiyo? Wasomi.

MSHAURI: Msomi aliyetoka chuoni! Michael Cernea, Mromania, aliingia Benki ya Dunia mwaka 1974 akiwa mwanasosholojia wao wa kwanza wa ndani. Mwaka 1980 benki ikapata sera ya kuhamisha watu kwa utaratibu. Angebaki darasani angeandika kitabu kizuri sana kuhusu watu waliokwisha hamishwa.

Hapa mshauri kapata pointi, na Mhadhiri anajua, maana amekoroga chai ambayo sukari yake iliyeyuka zamani. Lakini hajaishiwa.

MHADHIRI: Sawa. Basi tuzungumze historia ya hapa kwetu. Sosholojia ya nje ya chuo Tanganyika ilizaliwa wapi? Bomani. Wakati huo hapakuwa na chuo kikuu cha kuwa nje yake, lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na wanasosholojia kwenye orodha ya mishahara. Fosbrooke alikuwa mmoja. Mwingine Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyeandika sheria za mila za Wahaya na Wasukuma ili mabwana shauri na mabaraza wajue namna ya kutawala. Kazi ya bidii, siibezi. Karatasi zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wanafunzi wangu wanazitumia. Ila uliza: Msukuma gani aliyemwagiza Cory? Na serikali yenye wataalamu wa jamii wa namna hiyo ndiyo iliyokuja kuwachimbisha Waluguru matuta.

MWANAFUNZI: Babu, wewe unayakumbuka hayo?

MZEE WA KIBUNGO: Nilikuwa mgongoni. Mama alikuwa anachimba na mimi nimefungwa kwenye kanga, hivyo naweza kusema nilishiriki. Amri ilikuwa imetoka kwa Sultani Sabu wa Waluguru, na Sabu naye aliipata kwa wakubwa zake wa bomani. Kila wiki siku kadhaa ni za matuta, si za shamba lako. Usichome moto shamba. Usipochimba, faini. Na aliyechimba aliona nini? Milima yetu udongo mzuri uko juu, mwembamba. Ukikata ngazi kwenye mteremko mkali unaufukia ule mweusi, unapandisha mwekundu wa chini. Mahindi yanatoka ya njano kama yana homa. Mtu amechimba mwaka mzima, anavuna nusu ya jirani aliyekimbia kazi. Sasa hapo mnatafuta sosholojia gani? Mlihitaji kumuuliza mama yangu tu.

Tukae hapa kidogo, kwani jambo la matuta lina kina kuliko udongo. Mradi ule wa matumizi ya ardhi Uluguru ulikuwa na nia ambayo hata leo hakuna mtaalamu anayeipinga: milima hiyo ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Maji yakibeba udongo, mji unakunywa tope. Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa. Kilichokosekana kwenye karatasi ni kwamba shamba la Mluguru si la anayelilima. Ni la ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu anaweza kulima shamba la ukoo wa baba yake kwa ruhusa, akitoa zawadi ndogo ya mazao kwa wenyewe, lakini akianza kulifanyia kazi ya kudumu, hasa kupanda miti, wenye ardhi wanashtuka: huyu anataka kubaki. Naye akijua kwamba watoto wake hawatalirithi, kwa nini avunje mgongo? Juu ya hayo kulikuwa na hofu kwamba ardhi ikishatengenezwa vizuri itachukuliwa na walowezi. Hofu hiyo ilikuwa na sababu; mwaka 1951 Wameru walitolewa kwa nguvu mashambani mwao kuwapisha Wazungu. Basi TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe Julai 1954, ilikuta kuni zimeshakauka.

MAMA MAENDELEO: Mwalimu, naomba niingie. Mnabishana nani ni mwanasosholojia kana kwamba ni kiti cha enzi. Mimi nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mpaka nikastaafu, na hakuna aliyeniita kwa jina hilo. Lakini nitakueleza kazi yangu, kisha wewe uniambie inaitwaje. Unajua ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinakuja na katiba, mihutasari, picha za mwenyekiti akitabasamu. Vingine ni vikundi hewa. Utavijuaje?

MSHAURI: Unakagua nyaraka.

MAMA MAENDELEO: Nyaraka zinaandikwa stationery kwa shilingi chache! Mimi nikifika sigusi katiba. Nauliza: funguo za sanduku anazo nani? Kikoba cha kweli kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Ukiuliza, wanainuka wenyewe, mmoja yuko nyuma kabisa ananyonyesha. Kikundi hewa ukiwauliza, wote wanamgeukia mwenyekiti. Halafu naenda kwa jirani asiye mwanachama, naomba maji ya kunywa, nakaa. Jirani atakuambia mwenyekiti ni shemeji wa nani.

MHADHIRI: Hiyo ni mbinu nzuri ya uwandani, Mama. Hujaiandika popote?

MAMA MAENDELEO: Niliiandika. Kwenye taarifa ya robo mwaka, nikasema vikundi kadhaa visipewe. Nikaulizwa kama sitaki kata yangu ifikie lengo. Mwaka 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo yote ili ipange utaratibu upya. Vikundi vyangu vya kweli vikakaa vikisubiri kwa makosa ya hewa. Wewe, Mwalimu, unalilia uhuru wa mtafiti. Mimi naulilia wa afisa wa kata. Maarifa ninayo, mlima naujua, pikipiki ipo, wakati mwingine hata mafuta. Ruhusa ya kusema hapana ndiyo sikuwahi kupewa.

Nikiruhusiwa kupendelea, na mimi ndiye ninayeandika, napendelea upande huu. Mijadala yetu ya sosholojia nje ya chuo huwaza makampuni ya ushauri na mashirika ya kimataifa, hali nchi hii ina jeshi zima la maafisa maendeleo ya jamii na maafisa ustawi wa jamii, waliosomeshwa kwa fedha za umma Tengeru, Kijitonyama na kwingine. Hao ndio sosholojia yetu yenye miguu. Tumewapa fomu wajaze.

MSHAURI: Lakini tusiseme hakuna kilichobadilika. Mzee, kwenu Kibungo matuta si yalirudi?

MZEE WA KIBUNGO: Yalirudi, ndiyo. Safari hii wakaja CARE na WWF. Wakasema watu wa maji wa Dar es Salaam na wale wa soda watatulipa tukihifadhi udongo.

MSHAURI: DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Na kabla ya kuchimba hata hatua moja ulifanyika utafiti: wa maji, wa kipato cha kaya, wa sheria. Malipo yakapangwa kwa ukubwa wa eneo na aina ya kazi, iwe matuta, majani ya kuzuia udongo au miti. Mwanakijiji anajiunga kwa hiari. Mlima uleule, mto uleule, matuta yaleyale, na hakuna polisi. Tofauti kati ya 1955 na wakati huo ni nini kama si sosholojia?

MHADHIRI: Ni pesa. Tusidanganyane.

MSHAURI: Pesa nani aliyeijengea hoja? Mtu alilazimika kwenda kuwaambia watu wa maji kwamba mkulima wa juu anabeba gharama ya mnywaji wa chini. Hiyo si hesabu ya mhandisi.

MZEE WA KIBUNGO: Nyote mnasema kweli nusu. Kulipwa ni bora kuliko kupigwa faini, nani atabisha? Lakini yule kijana wa mradi alipofika, aliandika jina la anayelima. Mimi nalima kwa ukoo wa mama yangu, sawa. Jirani yangu analima kwa ukoo wa marehemu baba yake. Akiandikwa yeye, akalipwa yeye, akapanda miti yeye, kesho miti ni ya nani? Mjomba wa ukoo amekaa pale kwenye kigoda anatazama. Hakuulizwa. Kijana aliniambia swali hilo halimo kwenye fomu yake.

MWANAFUNZI: Pengine nilikuwa mimi.

MZEE WA KIBUNGO: Wewe ulikuwa bado mtoto. Lakini ndugu yako.

MHADHIRI: Mnaona ninachosema? Swali la ukoo wa mama lipo kwenye vitabu tangu mwaka 1960. Kijana hakulisoma kwa sababu hadidu za rejea hazikumdai alisome. Chuo kingemdai.

MAMA MAENDELEO: Chuo kingemdai alisome kwa Kiingereza, akalijibu kwenye mtihani, akalisahau. Mwalimu, mbona humtaji Marja-Liisa Swantz?

MHADHIRI: Nilikuwa namhifadhi.

Kweli alikuwa na sababu ya kumhifadhi, kwa kuwa mfano huo unamsaidia na kumwumiza kwa pamoja. Miaka ya 1970 Swantz, Mfini, alikuwa kwenye ofisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoitwa BRALUP. Kuanzia Bunju, kisha Bagamoyo magharibi katika mradi wa Jipemoyo ulioanza 1975, alisukuma mtindo wa utafiti ambamo wanakijiji wanashiriki kuuliza maswali na kuyachambua majibu, na matokeo yanajadiliwa nao. Ni miaka ileile ambayo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Duniani kote leo watafiti shirikishi wanaitaja Tanzania ya wakati ule. Sisi tumebaki na kishkwambi.

MHADHIRI: Swantz alikuwa na chuo nyuma yake. Hilo ndilo neno langu. Angekuwa mshauri wa kujitegemea, ripoti ingekuwa mali ya mteja.

MSHAURI: Hapo nakubali, na linaniuma. Mkataba wangu unasema hivyo: ripoti ni mali ya mteja. Na kutangaza matokeo si mchezo. Mnakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018? Kutoa takwimu zinazopingana na za Serikali kulikuwa kunakuweka pabaya, mpaka sheria ikalegezwa 2019. Mwenye chuo alikuwa na mwanasheria wa chuo. Mimi nina laptop na ada ya shule ya watoto.

MAMA MAENDELEO: Basi msilie kuhusu nani anawatuma. Semeni nani anawasikia. Kwenye tathmini zako, mwanangu, kuna muhtasari wa Kiswahili?

MSHAURI: Upo. Kanuni zinautaka.

MZEE WA KIBUNGO: Uko wapi?

MSHAURI: Halmashauri.

MZEE WA KIBUNGO: Kabati gani?

Mshauri hakujibu, na kwa haki, si yeye mwenye ufunguo wa kabati.

Sasa hukumu yangu. Mhadhiri ana haki anaposema kwamba kazi isiyosahihishwa na mtu mwingine huoza. Anakosea anapodhani msahihishaji lazima awe na shahada ya uzamivu. Mshauri ana haki kwamba sosholojia isiyogusa mchoro wa mhandisi inachelewa, kama kilivyochelewa kitabu cha 1960. Anakosea kuridhika na kiraka anachoruhusiwa kuweka. Mzee wa Kibungo, kwa swali moja la miti ni ya nani, amefanya uhakiki ambao jopo zima la wataalamu lingeweza kuukosa. Kwa hiyo kazi ya mwanasosholojia aliye nje ya chuo inahitaji baraza la kuihakiki, na baraza hilo tunalo tayari: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ni wa kila mkazi mtu mzima. Una ajenda na mihutasari, na una watu wanaojua ukoo wa nani unaanzia kwenye mfereji upi.

Ombi langu liende kwa Halmashauri za Morogoro na Mvomero, zenye kata za mlima huu. Mtafiti, mshauri au shirika lolote linalokusanya madodoso Kibungo, Matombo, Kinole au Mgeta lisilipwe awamu ya mwisho, wala lisipewe barua ya kumaliza kazi, mpaka limesimama kwenye mkutano wa kijiji, limesoma lilichokiona kwa Kiswahili cha kawaida, na upinzani wa wanakijiji umeandikwa kwenye muhtasari na kubandikwa ukutani kwa mtendaji. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye aitishe kikao hicho, na maoni yake yaambatanishwe hata kama yanasema hapana. Haihitaji bajeti mpya. Inahitaji sentensi moja kwenye kibali.

Na wewe mwanafunzi uliyebakiza muhula mmoja: usisubiri sentensi hiyo ipite. Likizo ijayo ukipewa kishkwambi, rudi kwa yule mama aliyekuuliza kama mwenzako hakuandika, umwambie kilichoandikwa.